Somo: Kukata nyasi za nyumbani kwa kufuata mvua

Habari zenu wanachama. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nyasi zikatwe kila baada ya siku ngapi? Kwetu Nakuru hakuna jibu moja la mwaka mzima. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kati ya baridi ya Mau na joto la Bonde la Ufa, na mvua huja kwa mikupuo: Aprili na Mei, tena Agosti, tena Novemba. Nyasi zilizolala mwezi Februari zinaweza kukufika kifundoni kabla Aprili haijaisha. Kwa hiyo tutafuata mvua.

Hatua ya 1: Zijue nyasi zako

Nyumba nyingi hapa zina nyasi za kikuyu. Asili yake ni nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki, nazo hutambaa juu ya udongo na chini yake pia, ndiyo maana hustahimili kukatwa na kukanyagwa. Aina nyingine, nyasi ya Pemba, ina jani pana na hutambaa juu juu tu. Huvumilia kivuli cha mti au ukuta, lakini ukiikata fupi unakuwa umekata mashina yenyewe.

Kikuyu iache sentimita 4 hadi 5, Pemba 6 hadi 7. Asiye na rula asimamishe kisanduku cha kiberiti kwenye nyasi: urefu wake ni kama sentimita 5.

Hatua ya 2: Usiondoe zaidi ya theluthi

Jani ndilo jiko la mmea. Ukilikata lote kwa siku moja, mizizi inakaa njaa hadi jani jipya lichipue, na mizizi yenye njaa hufupika. Ukitaka nyasi za sentimita 4, kata zikifika 6. Ukisafiri ukarudi ukazikuta zimefika 12, shusha hadi 8, ngoja siku nne au tano, kisha shusha tena. Najua inachosha kupita mara mbili. Lakini anayezinyoa kwa mkupuo mmoja huzitazama zikiwa za manjano wiki mbili.

Hatua ya 3: Andaa mashine na uwanja

Okota mawe, mifupa ya mbwa, vipande vya waya. Jiwe likirushwa na kisu cha mashine linaweza kumtoboa mtu jicho, kwa hiyo watoto waingie ndani kabla hujawasha.

Kisu kinolewe kwa tupa. Angalia ncha za nyasi siku moja baada ya kukata: zikiwa zimechanika na kugeuka kahawia, kisu chako kinararua. Kabla ya kukigusa, chomoa waya wa plagi ya injini, hata kama mashine imezimwa tangu jana. Ukiilaza mashine ya petroli, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu, la sivyo oili itaingia kwenye chujio na mashine itakataa kuwaka.

Hatua ya 4: Fuata msimu

Masika yakianza, usikimbilie kukata. Ngoja nyasi ziwe kijani sawasawa, kisha kata mara ya kwanza kwa kimo cha juu. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Mei huenda ukakata kila siku 5 hadi 7. Usikate zikiwa zimelowa: hushikamana mabonge chini ya mashine, na magurudumu hushindilia udongo. Badilisha mwelekeo kila mara, leo kwa urefu, wiki ijayo kwa upana, ili magurudumu yasipite njia moja.

Juni na Julai baridi hupunguza kasi. Siku 10 hadi 14 zinatosha. Agosti mvua ikirudi, rudi kwenye ratiba ya masika. Vuli vilevile.

Sasa Desemba, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mvua za vuli zikianza kukatika, pandisha kisu sentimita moja au mbili. Nyasi ziingie Januari zikiwa na sentimita 6 au 7, ili majani yatie udongo kivuli na unyevu usikimbie. Januari na Februari kata mara moja kwa mwezi, au usikate kabisa kama hazikui.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka wa kwanza katika nyumba hii tulitarajia wageni wa posa mwishoni mwa Januari. Nikataka uwanja uwe laini kama zulia, nikashusha kisu hadi mwisho. Siku ya wageni ulipendeza kweli. Kufika katikati ya Februari udongo ulikuwa wazi, na upepo wa kutoka upande wa kreta ya Menengai ukaujaza sebule yetu. Jina la mji huu huhusishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na mwezi ule tulilielewa. Mvua ya Aprili iliponyesha, magugu ya ndago yaliota kabla ya nyasi. Nilipanda upya karibu robo ya uwanja, kipande kwa kipande.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Lanet: Mwalimu, mimi sina mashine, natumia fyekeo. Masharti haya yananihusu?*

Yanakuhusu, ndugu yangu. Fyekeo kali halina neno. Shida yake ni kimo: mkono ukichoka hushuka, unaacha mabaka ya upara. Fyeka asubuhi umande ukishakauka, kipande kidogo kila siku, badala ya kumaliza uwanja wote Jumamosi moja.

*Kutoka Mamboleo, Kisumu: Nilileta kikuyu kutoka Nakuru, kila kiangazi inakauka. Nakosea wapi?*

Hukukosea kukata, dada. Kisumu iko karibu mita 1,130, joto lake si la huku, na kikuyu ni mtoto wa baridi. Ningekuwa wewe ningejaza mapengo kwa Pemba kidogo kidogo kila masika. Kama udongo wako ni ule mweusi wa mfinyanzi, usiingize mashine hadi ukanyage bila kuacha alama ya kiatu, kwa sababu ukishindiliwa ukiwa na maji hukauka kama tofali.

*Kutoka Kakamega: Huku mvua hainiachii nafasi. Nikate lini? Na nyasi zilizokatwa nizoe au niache?*

Mama, mvua ya huko mara nyingi hupiga alasiri. Kata kati ya saa nne na saa sita mchana, umande umeondoka na wingu halijafika. Ukiwa umefuata theluthi, yaliyokatwa ni mafupi: yaache yaoze yarudishe rutuba. Yakiwa mabonge, yazoe kwa reki, la sivyo yatafunika nyasi na kuziozesha. Mpe ng'ombe, lakini iwe tu mashine haijavujisha petroli au oili, na hujapulizia dawa.

*Kutoka Njoro: Ndago nazikata kila wiki na haziishi.*

Haziwezi kuisha kwa kukatwa. Chini kuna viazi vidogo vinavyochipua upya. Subiri udongo ulainike kwa mvua, chimba kwa ncha ya panga hadi upate kiazi, ukitoe nje ya uwanja. Rudia kila wiki mbili msimu mzima. Na pandisha kisu, ndago huchukia kivuli.

*Kutoka Lanet tena: Mbolea ya CAN, ile ya nitrojeni, nitie lini?*

Baada ya kukata mara ya pili katika masika, na udongo ukiwa na unyevu. Gramu 25 hivi kwa mita moja ya mraba, imwagwe majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo ili punje zisiyaunguze. Januari usitie kabisa.