Somo: Vocha ya benki ya kupanda daraja kwenye ndege ina thamani gani hasa?

Ndugu zangu, swali hili limenijia mara nyingi: benki ikikupa, kupitia kadi yake ya mkopo, vocha ya kupandishwa daraja kwenye ndege, umepata kiasi gani? Tangazo la benki lina jibu la haraka. Linachukua nauli ya daraja la biashara, linaondoa nauli ya daraja la chini, na kinachobaki linakiita faida yako. Hesabu hiyo inaniumiza, maana nimeona watu wakilipa ada ya kadi mwaka hadi mwaka kwa sababu ya fedha ambazo kamwe wasingezitoa mfukoni kwa ajili ya kiti.

Leo tupige hesabu wenyewe. Namba za dola hapa chini ni za mfano tu, wewe weka zako.

Hatua ya 1: Ijue vocha yako

Zipo vocha zinazopandisha tiketi uliyonunua kwa fedha, na zipo zinazofanya kazi kwenye tiketi ya pointi peke yake, yaani ile unayolipia kwa pointi ulizokusanya kwa kusafiri au kwa kutumia kadi. Somo hili ni la aina ya pili. Unatozwa pointi za daraja la chini, unakaa daraja la juu, lakini mara nyingi kodi na tozo unalipa za daraja la juu. Hapo ndipo wengi wanashtuka wakifika kwenye malipo.

Soma masharti yote. Inapandisha ngazi moja au zaidi? Ni ndege za shirika lipi? Ni lazima mwenye akaunti awemo safarini? Halafu angalia tarehe ya mwisho: ni ya kukata tiketi, au ni ya kuwa umeshasafiri na kurudi? Vocha yangu ya kwanza ilipotea kwa kosa hilo. Nilikata tiketi mapema kabisa, ila safari ya kurudi ilipita tarehe kwa siku tisa, na benki haikunisikiliza.

Hatua ya 2: Pata thamani ya pointi moja

Chukua safari ambayo kweli unaweza kuifanya. Tiketi ya fedha ni dola 700. Kwa pointi ni pointi 50,000 na kodi dola 200. Pointi zimekuokolea dola 500. Gawanya kwa 50,000, unapata senti 1 kwa pointi. Usitumie safari ya daraja la kwanza uliyoiota, utapata thamani kubwa isiyokuhusu.

Hatua ya 3: Bila vocha, ungekaa wapi?

Hapa ndipo penye somo lenyewe, naomba tutulie.

Tuseme daraja la kati (lililo kati ya la kawaida na la biashara) kwenda na kurudi ni pointi 60,000, na daraja la biashara ni pointi 100,000. Vocha inakuweka daraja la biashara kwa pointi 60,000. Kodi na tozo za daraja la biashara zimezidi za daraja la kati kwa dola 250.

Asha angesafiri daraja la biashara kwa vyovyote, vocha iwepo isiwepo. Angelipa pointi 100,000 pamoja na kodi zilezile za juu. Vocha imemwokolea pointi 40,000, yaani dola 400. Ile dola 250 haimhusu, kwa kuwa angeilipa tu.

Juma angekaa daraja la kati. Vocha haijamwokolea hata pointi moja! Pointi 60,000 anazitoa vilevile, na juu yake anaongeza dola 250. Alichopata ni kitanda na usingizi. Kwa hiyo ajiulize kwa uaminifu: kama mhudumu angemwambia uwanjani "ongeza fedha uhamie mbele, kwenda na kurudi", angekubali mpaka kiasi gani? Akisema dola 500, thamani ya vocha kwake ni 500 kutoa 250, yaani dola 250. Akisema dola 200, vocha inamtia hasara, na ni heri akae alipokuwa.

Wengi wetu ni Juma, lakini tunapiga hesabu ya Asha. Na benki inatupigia hesabu ya mtu wa tatu, yule anayenunua tiketi ya biashara kwa fedha taslimu kwa bei kamili. Mtu huyo yupo, ila mara nyingi nauli yake inalipwa na mwajiri.

Hatua ya 4: Kodi ziangalie kwa daraja

Mfano halisi ni Uingereza, ambako kodi ya abiria hutegemea umbali na daraja. Kuanzia 1 Aprili 2025, kwa safari ya maili 2,001 hadi 5,500, daraja la chini kabisa lilitozwa pauni 90 na madaraja ya juu yake pauni 216. Daraja la kati nalo linahesabiwa kuwa la juu. Maana yake, kwa viwango hivyo, vocha inayokutoa daraja la kawaida kwenda la kati inakuongezea kodi ya pauni 126, na inayokutoa la kati kwenda la biashara haiongezi kodi hiyo hata pauni moja. Ukiona gharama imeongezeka hapo, ni tozo za shirika lenyewe. Vilevile kodi hii ni ya kuondoka Uingereza tu, si ya kuingia. Kwa hiyo tazama kodi ya kila upande wa safari yako peke yake.

Hatua ya 5: Umeipata kwa gharama gani?

Ada ya kadi, tuseme dola 150 kwa mwaka. Kisha ongeza kile ulichokosa kwingine: ikiwa benki inataka utumie dola 10,000 kwenye kadi hii inayokurudishia asilimia 1, na kadi nyingine ingekurudishia asilimia 1.5, umepoteza dola 50. Jumla dola 200. Ukibakiza deni la kadi mwisho wa mwezi, acha hesabu zote. Riba itakula vocha, pointi, na zaidi.

Hatua ya 6: Utaitumia kweli?

Siti za pointi ni chache. British Airways, kwa mfano, imeahidi angalau siti 14 za pointi kwa kila safari ndefu: 8 za daraja la kawaida, 2 za kati na 4 za biashara. Nne kwa ndege nzima! Huzifungua siku 355 kabla ya safari, na kwa msimu wa likizo huondoka haraka. Mtu asiyeweza kubadilisha tarehe ajipunguzie matumaini. Kama katika vocha nne ulizowahi kupata umetumia tatu, zidisha thamani kwa 0.75.

Sasa tumalize. Asha: 400 mara 0.75 ni 300, toa 200, amepata dola 100. Juma: 250 mara 0.75 ni 187.50, toa 200, amepoteza dola 12.50. Vocha ni ileile na kadi ni ileile.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, benki yangu inanipa nichague: vocha au pointi 7,000. Nichukue nini?*

Hapo ada usiihesabu tena, umeshailipa na hairudi. Linganisha vitu viwili tu. Pointi 7,000 kwa senti 1 ni dola 70, na zina uhakika. Vocha kwa Juma ni dola 187.50 baada ya kupunguza uwezekano. Hivyo hata Juma achukue vocha. Lakini kama huna pointi za kutosha kukata tiketi yenyewe, wala huoni zitatoka wapi kabla ya muda kuisha, chukua pointi bila kusita.

*Kaka, naweza kulimbikiza vocha niwe nazo tatu, familia isafiri pamoja?*

Sikushauri, ndugu yangu. Bei za pointi hupanda bila kukuuliza. Delta, shirika la ndege la Marekani, iliondoa jedwali lake la bei za pointi mwaka 2015, na tangu hapo mteja huiona bei siku anapotafuta. Pia kupata siti tatu za mbele siku moja ni kazi kubwa kuliko kupata moja mara tatu.

*Nasafiri na mwanangu wa miaka 10 kutoka London. Nimpandishe na yeye?*

Dada, kabla hujafanya hivyo angalia kodi. Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 16 halipiwi kodi ya abiria akiwa daraja la chini kabisa. Ukimpandisha tu, anatozwa kama mtu mzima wa daraja la juu. Kwa viwango nilivyotaja ni kutoka sifuri hadi pauni 216. Kwa mtoto atakayelala popote, mimi ningebaki naye nyuma, na vocha ningeitunza kwa safari ya usiku ya watu wazima wawili.

*Nimeona siti ya biashara inauzwa kwa ofa ya fedha. Bado nitumie vocha?*

Linganisha siku hiyohiyo. Kwa vocha ya Asha unatoa pointi 60,000, sawa na dola 600, pamoja na kodi zote za daraja la biashara. Zikiwa dola 700, umetumia 1,300. Ofa ikiwa dola 1,400, usisahau kwamba tiketi ya fedha kwa kawaida inakuingizia pointi mpya. Pointi hizo zikizidi 10,000, nunua ofa. Ila angalia kwanza kama tiketi ya ofa inarudishiwa fedha ukighairi.

*Nina vocha sitaitumia. Nimuuzie mtu?*

Usiuze. Masharti kwa kawaida yanakataza, na shirika likigundua linaweza kufuta tiketi abiria akiwa safarini. Kama masharti yako yanaruhusu kumkatia mtu mwingine, mpe bure mzazi au ndugu, na kodi mwambie mapema ni kiasi gani.