Kielelezo cha indaksheni kisimani: anza na maji ya Kivukoni

Vijana wanaokuja kwangu Sinza na laptopu zao, watengeneze kielelezo cha kifaa cha indaksheni kinachoshushwa kisimani kupima jinsi mwamba unavyopitisha umeme, hukimbilia kuchora tabaka kumi za mwamba. Nawaambia wazifute. Anza na mwamba mmoja usio na mwisho, maana jibu lake linajulikana.

Kifaa ni koili mbili. Inayorusha huamsha mikondo ya umeme inayokizunguka kisima mwambani. Inayopokea huisikia mikondo hiyo. Mwaka 1949 mhandisi Henri-Georges Doll alihesabu kana kwamba kila pete ya mkondo iko peke yake. Hilo linafaa mwamba ukipitisha umeme kidogo. Kwenye maji ya chumvi pete huathiriana, na wimbi hufifia na kuchelewa njiani.

Kokotoa kwanza kina cha kupenya (δ), yaani umbali ambao wimbi hufifia sana, kwa mita; ρ ni ukinzani wa umeme kwa ohm-mita, f ni masafa kwa hezi:

δ = 503 √(ρ/f)

Chukua maji ya bahari, kama ya pale Kivukoni, yawe ndiyo mwamba wako usio na mwisho: upitishaji takriban simensi 5 kwa mita, yaani ρ ni 0.2. Masafa f yawe hezi 20,000. Unapata δ ya mita 1.59. Koili ziachane mita 1 (L). Kisha, σ ikiwa upitishaji wa kweli, σₐ ule unaosomwa na kifaa, i kipeuo cha pili cha −1, na sehemu halisi ile isiyo na i:

u = (i − 1)L/δ
σₐ = σ × sehemu halisi ya 2[1 − (1 − u)eᵘ]/u²

Jibu ni kama 3.03, wakati hesabu ya Doll ingekupa 5. Asiyesahihisha pengo hilo ataona maji pungufu na kuamini kuna gesi nyingi kuliko iliyopo, maana maji ya chumvi hupitisha umeme na gesi haipitishi. Kwa nchi inayowasha mitambo ya Ubungo kwa gesi ya Songo Songo, hilo si jambo dogo.

Ukipata zaidi ya 5, alama ya u imegeuka: wimbi lako linakua badala ya kufifia. Na tafadhali usiitupe sehemu ya i. Upitishaji ukiwa mdogo, inakaribia kulingana na kile sehemu halisi ilichopoteza, kwa hiyo ndiyo msaada wako wa kusahihisha.

Sasa weka tabaka, kwa intigrali ya Bessel (hesabu ya mawimbi yanayosambaa kwa duara) na mwakisiko, yaani wimbi kurudishwa, kwenye kila mpaka. Zipe zote upitishaji mmoja: lazima jibu la mwanzo lirudi. Halafu weka 0.01 juu na 0.02 chini, katikati ya koili pakae mpakani. Usome karibu 0.015. Lisiporudi, usiendelee mbele.

Kwa vifaa vinavyopima wakati wa kuchimba, f hufika hezi milioni 2. Hapo hata ρ ikiwa 1, δ ni sentimita 36 tu, na kinachopimwa ni kule kuchelewa na kufifia kwenyewe, kati ya vipokezi viwili.