Punguza sampuli kabla faili la perf halijajaza diski

Unapopima programu yenye nyuzi nyingi (kazi zinazoenda sambamba ndani yake) kwa perf, zana ya Linux ya kupima utendaji, chunga sana --call-graph dwarf, chaguo la kurekodi funksheni ipi iliita ipi. Kila sampuli hunakili hadi baiti 8192 za steki (memori inayotunza miito ya funksheni), na usipoigusa kasi, perf huchukua sampuli 4000 kwa sekunde. Piga hesabu: uzi mmoja ulioelemewa na kazi unaweza kutema megabaiti 32 kila sekunde, nyuzi nane, zaidi ya 250! Hapo kipimo chenyewe ndicho kinachokula mashine, na sampuli zinaanza kupotea. Weka -F 99, yaani sampuli 99 kwa sekunde, jumla ishuke hadi megabaiti 6 na ushee. Ukiweza kukompaili upya kwa -fno-omit-frame-pointer, hamia --call-graph fp, inayofuata viashiria vya fremu bila kunakili steki, rekodi zitakonda kabisa. Kuongeza bafa (memori ya kushikilia sampuli kabla hazijaandikwa) kwa -m sikupendi: kila kiini cha prosesa hupewa yake, memori inaliwa mara nyingi.