Tela lenye maji: tangi likae wapi na shingo ibebe kilo ngapi

Wadau wa kuvuta tela, hasa wenzangu wa Kusini tunaohamia shambani msimu wa korosho, leo naomba tuongelee maji. Maji ndo mzigo unaobadilika kila siku ndani ya tela, kitanda kinakaa palepale na mtungi wa gesi unakaa palepale lakini maji kila ukichota ndoo tela linakuwa tela lingine, na watu wengi hawalifikirii hilo mpaka siku tela limeanza kuwatupa barabarani.

Mi na mke wangu tunakaa Mtwara mjini, shamba liko juu Newala. Mikorosho ikianza kudondosha tunavuta tela letu dogo la ekseli moja, yaani chuma kimoja tu cha kubebea tairi, lina kitanda, jiko la gesi, rafu za vyombo na tangi la lita 200. Maji lazima ubebe, hamna namna, kule uwandani maji yako chini sana bondeni yanapandishwa kwa pampu na pampu ikisumbua dumu moja linatafutwa kijiji kizima, waliojaliwa ni wale wenye kisima cha kuvunia mvua ya bati, na msimu wa korosho mvua yenyewe bado.

Sasa msimu wetu wa kwanza fundi aliyetuchomelea aliweka tangi nyuma kabisa chini ya kitanda, kwa sababu ndipo palipokuwa na uwazi. Tumetoka alfajiri tangi limejaa mpaka mdomoni, tumepita Naliendele, lami nzuri, niko kwenye 80, basi likatupita kwa kasi na ule upepo wake ukalisukuma tela, likaanza kupiga mkia. Kushoto, kulia, kushoto tena kwa nguvu zaidi, na nyuma ya gari naisikia nyepesi kama imening'inizwa. Mke wangu kashika dashibodi anasema baba, taratibu, taratibu. Nikaachia mafuta, nikashika usukani umenyooka bila kuufukuzia, gari likapungua lenyewe mpaka likatulia. Na hicho ndo cha kufanya likikukuta, usikanyage breki kwa hofu maana tela litakusukuma kiuno na kukugeuza, na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Kama tela lako lina breki zake unazoweza kuzishika peke yake, zishike hizo kidogokidogo.

Tuliposimama pembeni akaja mzee mmoja, kaendesha malori miaka mingi, akazunguka tela mara moja akaniambia, "Mjomba, fungua hiyo shingo hapo kwenye kirungu uinyanyue." Nikaifungua nikainyanyua kwa mkono mmoja, nyepesi kama ndoo ya nusu. Akasema, "Mjomba, tela linatakiwa liilalie gari, hili lako linataka kuinyanyua." Shikamoo zangu zote kwa yule mzee.

Shingo namaanisha ile sehemu ya mbele ya tela inayokalia kirungu cha chuma nyuma ya bampa. Ule uzito inaokilalia kirungu ndo unaolifanya tela lifuate gari kwa adabu. Wamarekani, ambao makaravani kwao ni kitu cha kawaida, wanasema shingo ibebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela likiwa na mzigo wake, Ulaya wanaenda chini ya hapo kwa sababu magari yao na mwendo wao ni tofauti. Kwa barabara zetu na pikapu zetu mi nalenga 12. Ila angalia kwanza kitabu cha gari na kibati cha kwenye chuma cha kuvutia, kama kimeandikwa mwisho kilo 100 basi ni 100, hesabu ya asilimia haina ruhusa ya kuvuka hapo.

Hesabu ya tangi ni rahisi na naomba uifanye kabla hujamwita fundi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pima kutoka katikati ya ekseli mpaka kwenye kirungu, langu ni mita 3. Kisha pima kutoka ekseli mpaka katikati ya tangi. Zidisha kilo za maji kwa huo umbali wa tangi, gawanya kwa ule umbali wa kirungu, hapo unapata kilo zinazoongezeka shingoni kama tangi liko mbele ya ekseli, au zinazopungua kama liko nyuma. Tela langu bila maji ni kilo 700, shingo kilo 90. Tangi lilikuwa mita 1.2 nyuma, kwa hiyo 200 mara 1.2 gawanya kwa 3 ni kilo 80, toa kwenye 90 zinabaki kilo 10 kwenye tela la kilo 900. Asilimia moja na kitu. Ndo maana niliinyanyua kwa mkono mmoja.

Halafu usije ukakimbilia upande wa pili. Kuna jamaa yangu baada ya kumsimulia akaenda kufunga tangi mbele kabisa juu ya shingo. Kwa vipimo vya tela langu, tangi likikaa mita 2 mbele ya ekseli linaongeza kilo 133, shingo inafika 223, hiyo ni robo ya tela zima. Gari linakaa chini nyuma, springi zinagonga, taa zinawamulika wenzako usoni usiku, na tairi za mbele zinapungukiwa uzito kwa hiyo usukani na breki vinalegea. Nayo ni hatari, tofauti ni kwamba hii inakuja polepole.

Sisi tulilihamisha likakaa karibu juu ya ekseli, sentimita 30 tu mbele yake. Sasa likijaa linaongeza kilo 20, shingo inakuwa 110 kwenye tela la 900, na likiisha inarudi 90 kwenye 700. Kote naangukia kati ya asilimia 12 na 13. Yaani tangi likikaa juu ya ekseli uende umejaza au urudi mtupu tela linabaki na tabia ileile, na kama una uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye tela lako badilisha hicho.

Kupima shingo kwetu huku ni rahisi kuliko mtu anavyodhani maana mizani ya korosho iko kila kona, ule wa bapa wa kuwekea gunia. Omba kwa heshima saa ambayo hakuna foleni. Weka mawe kwenye tairi za tela mbele na nyuma, simamisha kipande cha mbao juu ya mzani chenye urefu wa kuifanya shingo ikae kimo kilekile inachokaa ikiwa kwenye gari, tela likae sawa na ardhi, teremsha jeki, soma kisha toa uzito wa kipande cha mbao. Kama una ule mzani mdogo wa kupimia watu na unaogopa kuuvunja, laza ubao imara, upande mmoja uwe juu ya tofali mwingine juu ya mzani, chini ya kila upande weka kipande cha bomba ili ubao ukalie sehemu moja tu. Shingo iteremke sentimita 30 kutoka bomba la tofali na 60 kutoka bomba la mzani. Toa kilo ulizosoma mzani kwa ubao mtupu, kilichobaki zidisha kwa 3. Pima mara mbili, tangi likiwa tupu na likiwa limejaa, andika ndani ya mlango wa tela kwa maka peni.

Tangi la nusu ni baya kuliko watu wanavyosema. Maji yanakimbia, ukishika breki yanaenda mbele yote, ukipanda mlima yanarudi nyuma, kwenye kona yanalalia upande, na ile njia ya kupanda uwandani ina vyote hivyo. Tangi zuri lina kuta za ndani zenye matundu za kuyakata makali, la kwetu halina, kwa hiyo safari ni limejaa au tupu. Kama bado hujanunua tangi mi ningekushauri uanze na madumu 10 ya lita 20, yamejazwa mpaka juu na kufungwa kamba juu ya ekseli. Dumu lililojaa halichezi, la tupu unaliweka popote, na ukitaka nusu ya maji unabeba madumu matano. Ni kazi kuyashusha, nakubali, ila kwa anayeenda kwenye mchanga kama Msimbati ni bora zaidi, maana tela la kilo 900 kwenye mchanga laini linakwama, madumu unayashusha unavuka ndo unayafuata.

Kuhusu matumizi, watu wawili lita 200 zinatupeleka siku tano, lita 20 kila mtu kwa siku, na hapo tunaoga kwa kopo na vyombo tunaoshea kwenye beseni. Ukiweka bomba la pampu linalotiririka siku tatu haziishi. Maji machafu usisahau nayo ni mzigo, dumu letu la maji ya sinki la lita 60 liko mita 1.5 nyuma ya ekseli, likijaa linatoa kilo 30 shingoni, na hilo linajaa kipindi kilekile tangi safi linaisha, kwa hiyo siku ya kurudi unaweza kujikuta na shingo ya 60 wakati uliondoka na 110. Limwage kabla hujafunga tela, mbali na kisima.

Maji yenyewe jaza mjini kwenye bomba unaloliamini. Visima vya pwani vingi vina chumvi, chai haipandi na koki zinaota kutu. Mwanzo wa msimu osha tangi, lijaze, weka mililita 200 za dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi, ile ya asilimia 5, fungua koki zote mpaka zinuke klorini uzifunge, acha masaa manne au usiku kucha, kisha mwaga na suuza mpaka harufu iishe. Ya kunywa sisi tunachemsha hata hivyo. Mwisho wa msimu tunaacha koki wazi na mfuniko umetolewa, mdomo wa tangi tunaufunga kwa kipande cha chandarua, maana mwaka mmoja tulilifunga likiwa na unyevu na mwezi wa tisa tulipolifungua kuta zote zilikuwa kijani.