Seti ya modeli imekuja mbovu? Usilitupe boksi kwanza

Wakuu, leo tuongelee hizi seti za modeli za plastiki, ndege, vifaru, meli, zile unazokata vipande kwenye fremu na kugundisha mwenyewe. Naandika seti maana nikiandika kiti kuna mtu ataniuliza cha mbao au cha chuma. Kilio ni kilekile kila siku: picha ya boksi imechorwa mpaka unasikia injini inanguruma, ukifungua ndani bawa limepinda kama ndizi, kioo cha rubani kina ufa, stika zimekuwa njano. Na sisi wa huku inauma mara mbili, nauli ya mzigo saa nyingine inaizidi bei ya seti yenyewe, kuirudisha ndo usiseme.

Ya mwisho kuniliza ilikuwa Super VC10, ndege ya abiria, ya 1/144, yaani modeli ni ndogo mara 144 kuliko ndege halisi. Nilitaka niipake rangi za East African Airways, lile shirika la Kenya, Tanzania na Uganda lililokufa 1977, lilikuwa na Super VC10 tano zilizoanza kuingia 1966, baba mdogo alikuwa akianza stori zake hanyamazi mpaka chai ipoe. Kampuni iliyotengeneza seti siitaji, ila mle ndani kulikuwa na karibu kila ugonjwa ninaoujua, kwa hiyo nitaitumia kama maiti ya darasani.

Kwanza kabla ya kununua. Mwaka ulioandikwa kwenye boksi ni mwaka wa boksi, sio wa kalibu. Hizi seti zinatengenezwa kwa kusukuma plastiki ya moto kwenye kalibu ya chuma, na kalibu ya chuma ikitunzwa inaishi miaka mingi kuliko kampuni iliyoichonga, inauzwa, inahama nchi, inapewa boksi jipya. Kampuni ya modeli ya FROG ya Uingereza ilipofunga 1976 kalibu zake nyingi zilienda Urusi enzi za Sovieti zikaanza kutoka kwa jina la Novo, na zile za ndege za Ujerumani na Japani za vita vya pili Warusi hawakuzitaka, zikaenda kampuni ya Revell. Kwa hiyo unaweza kununua kitu kinachong'aa "toleo jipya" kumbe kimechongwa babu yako akiwa kijana. Ingia tovuti ya Scalemates, tafuta seti yako, inakuonyesha ukoo mzima, kalibu ilianza lini na imepita mikono ya nani. Na ukiona picha ya vipande, angalia mistari ya mabati ya ndege: ikiwa imeinuka juu ya plastiki kama mishipa, kalibu hiyo karibu kila mara ni ya zamani, za siku hizi mistari inachimbwa kwenda ndani. Ya zamani sio lazima iwe mbaya, ila ujue unanunua kazi.

Siku boksi likifika usikate kitu. Narudia, usikate hata kipande kimoja, maana muuzaji akiona umeshaanza kukata atakuruka. Toa fremu zote, weka mezani, fuata karatasi ya maelekezo ukihesabu namba moja moja. Unachotafuta hasa ni kipande ambacho hakijajaa, yaani plastiki haikufika mwisho wa kalibu, utakuta mguu wa tairi umekatikia njiani au ncha ya bawa haipo, na vioo vyenye ufa. Hivyo viwili ndo vya kulalamikia kwa muuzaji, piga picha mchana kwenye mwanga wa jua, tuma siku hiyohiyo. Kampuni kadhaa kubwa zina huduma ya spea, ukiwaandikia kwa adabu na namba ya kipande na ya fremu wanaweza kukutumia. Utando, vibonyo, mapengo, hayo usipoteze bando lako kulalamika, yatengeneze.

Alafu osha. Wengi wanaruka hapa afu wanakuja kulia rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Kalibu zingine zinapakwa mafuta ili plastiki itoke vizuri na hayo mafuta yanabaki. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani, sugua fremu nzima nzima kabla hujakata, suuza, acha ikauke yenyewe. Fanyia kwenye beseni, usifanyie kwenye sinki, kuna kipande changu kidogo cha antena kiko kwenye bomba la maji taka mpaka leo.

Bawa lililopinda sasa. Plastiki yenyewe ni polistirini, inalainika karibu na joto la maji yanayochemka, kwa hiyo usiitumbukize kwenye sufuria inayotokota utatoa kitu kingine kabisa. Mi nachemsha, naepua, naacha dakika kama tano, nazamisha bawa nusu dakika hivi, natoa nalinyoosha kwa vidole taratibu kupitiliza kidogo upande wa pili maana litarudi, alafu moja kwa moja kwenye maji baridi huku nimelishika. Halijanyooka? Rudia, hata mara tatu. Ukilazimisha likiwa baridi litavunjika, na kama halijavunjika litaweka mstari mweupe pale ulipokunja.

Kukata: nelkata nzuri inatosha kwa kuanzia, ila usikate karibu na kipande, acha kishina kama milimita mbili, kishina kimalizie kwa kiwembe na msasa. Ukikata palepale plastiki inameguka ndani na hapo umejitengenezea kazi ya puti. Ule utando mwembamba unaotokea pembeni ya vipande, unatokea nusu mbili za kalibu zisipofunga sawasawa, mara nyingi kwa uzee, ule usiukate, ukwangue kwa mgongo wa kisu, mgongo sio makali, unatoka kama maganda ya karoti.

Sasa tuje kwenye kitu kinachoua modeli nyingi, nusu mbili za bodi. Zishike pamoja kwa tepu ya karatasi bila gundi, alafu zima taa, washa tochi ya simu, ipitishe pembeni pole pole. Mwanga wa pembeni hauna aibu, kila ngazi, yaani pale nusu moja imeinuka kuliko nyenzake, na kila pengo litatupa kivuli. VC10 yangu mgongoni ilikuwa na ngazi ya karibu milimita moja, mtu atasema milimita moja nini, bas piga hesabu, kwenye 1/144 hiyo ni sentimita 14 za ndege halisi, abiria angeingiza mkono. Na mchawi alikuwa nani? Vile vipini vya ndani vinavyoingia kwenye matundu ili nusu zikae sawa. Tunaviamini sana kwa sababu vinatoka kiwandani, kumbe mara nyingi ndo vinavyozisukuma nusu zisikutane. Vikate vyote! Ukishavikata bodi iko huru, unaipanga kwa vidole vyako mwenyewe.

Kuna saa hata hivyo haikubali, nusu moja ni nene kuliko nyingine. Hapo chagua dhambi ikae wapi. Mi naigonganisha sawa mgongoni na ubavuni, ngazi yote naisukuma tumboni, maana modeli ikikaa kabatini nani atalala chini aangalie tumbo? Kama kingo zina mawimbi weka msasa namba 400 juu ya kioo au kigae, lalisha nusu ya bodi, sugua kwa mzunguko bila kukandamiza mpaka ukingo wote uwe na rangi moja, afu ujaribu tena, usije ukasugua mpaka ndege ikakonda.

Kabla ya kufunga kumbuka uzito wa pua. VC10 ina injini nne zote nyuma karibu na mkia, ukifunga bila uzito itakalia mkia kama mbwa anayesubiri mifupa. Nenda kwa wanaouza vifaa vya kuvulia ununue chubwi ndogo ndogo, ni madini ya risasi, nzito na bei poa, zibandike ndani ya pua kwa supaglu au epoksi. Usitumie gundi nyeupe ya mbao hapo, risasi na ile gundi haviivi, baada ya muda risasi inaota unga mweupe inavimba na pua inapasuka kutoka ndani. Jaribu balansi kwanza kwa tepu, bodi na mabawa yakiwa yamebandikwa hivyohivyo, iegemeze mahali magurudumu ya nyuma yatakapokaa, ikidondokea pua ongeza chubwi moja ya akiba afu ufunge.

Gundi iwe ile nyepesi kama maji ya modeli za plastiki. Hiyo haigandishi, inayeyusha plastiki na kuichomelea. Shika nusu mbili, gusisha brashi kwenye mstari, gundi itakimbia yenyewe, hesabu mpaka kumi alafu bana. Ukibana utaona kamstari ka plastiki iliyoyeyuka kanachomoza juu ya kiungo kama mchirizi wa jasho, kaache! Usikafute kwa kidole, utaacha alama ya kidole milele. Kakikauka, na mi naacha siku mbili nzima, unakasugua na msasa na pengo limejiziba lenyewe kwa plastiki yake. Vibanio vya nguo vinafanya kazi nzuri tu.

Pengo la bawa na bodi lina dawa yake, na sio puti. Puti ni ya mwisho, wengi wetu tunaikimbilia kama panadol. Angalia kwanza, kama pengo liko pande zote mbili maana yake bodi imebonyea ndani, kata kipande cha fremu, kiingize kwa ndani kama mti wa kutegemeza kuta mpaka bodi itanuke ikutane na mabawa. Kama liko juu tu, vuta ncha za mabawa kwa tepu moja ndefu inayopita juu ya bodi wakati gundi inakauka. Pengo likibaki kubwa bado, tia supaglu na poda ya mtoto, koroga iwe kama uji, paka, na sugua ndani ya nusu saa, ukiiacha mpaka kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki na utakuwa unachimba shimo pembeni yake. Hii ndo ninayotumia na kwenye vibonyo pia, vile vinavyotokea upande wa pili wa sehemu nene kwa sababu plastiki imesinyaa ikipoa. Alama za duara za vile vipini vya kusukuma kipande kitoke kwenye kalibu, ziba zile tu zitakazoonekana. Niliwahi kuziba kumi na nne ndani ya bodi, nikafunga, sijaziona tena.

Msasa tumia wa maji, duka la rangi za magari wanao, 400 kwa kazi nzito, 800, kisha 1200, na maji kila wakati. Tupa za kucha za saluni ni bora kuliko nyingi zinazouzwa kwa jina la hobi. Alafu praima ya kijivu, nyembamba, ikikauka rudi na ile tochi. Utakasirika. Ni kawaida, raundi ya kwanza haijawahi kuwa safi kwangu. Kama praima yako ni ile ya kopo la magari ijaribu kwanza kwenye fremu, zingine zinakula plastiki, na hata isiyokula ukiimwaga nzito itakula tu. Vioo usivibandike kwa supaglu, mvuke wake unavitia ukungu mweupe, hapo sasa ndo gundi nyeupe ina kazi.

Kama seti yenyewe imekosewa umbo, hapo fikiria. Super VC10 ina urefu wa mita 52.3, kwa hiyo ya 1/144 inatakiwa iwe kama sentimita 36, weka rula. Yangu ilikuwa sawa kwa urefu ila pua imechongoka sana. Nikaiacha. Kuchonga pua upya ni wiki tatu na hakuna mgeni yeyote nyumbani kwangu aliyewahi kusema "mbona pua hii".

Stika za njano usizitupe. Ziweke kwenye mfuko wa nailoni unaoona ndani, funga, bandika kwenye dirisha linalopigwa jua, zikiangalia nje, siku chache au wiki, jua letu hili linafanya kazi. Kabla ya kutumia kata ile usiyoihitaji uijaribu kwenye maji, ikipasuka vipande vipande maana yake zimezeeka, zipake vanishi inayong'aa karatasi nzima, zikauke, alafu kata kila moja kivyake kwa kufuata mchoro. Modeli nayo iwe imepakwa vanishi ya kung'aa kwanza, ukibandika kwenye rangi isiyong'aa hewa inabaki chini na inaonekana kama unga. Tone la maji, telezesha kwa brashi, kausha kwa tishu kuanzia katikati kwenda nje. Ile mistari ya ubavuni kwenye VC10 ni mirefu kuliko kiganja, ikate vipande vitatu pale kwenye milango, ukijaribu kuiteremsha mizima itajikunja na kujishika yenyewe na utasema maneno ambayo watoto hawatakiwi kusikia. Ikikauka vanishi ya mwisho, funika na beseni lililopinduliwa usiku kucha, na paka alale chumba kingine.