Kusuka upya transfoma ya maikrowevu itoe ampea nyingi

Hewa ya chumvi ya Mombasa huua bati na swichi za maikrowevu mapema, lakini transfoma mara nyingi hubaki nzima kwa muuza vyuma chakavu. Chagua isiyo na harufu ya kuungua.

Kama unaitoa kwenye oveni mwenyewe, chomoa plagi, kisha gusanisha ncha mbili za kapasita kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Rudia. Hiyo kapasita hubaki na chaji, yaweza kukuua hata oveni ikiwa haina stima.

Koili ya waya mnene ndiyo ya volti 240, iache. Ya waya mwembamba hutoa takriban volti 2000, nayo itoke yote kabla hujawasha chochote. Ikate kwa msumeno wa chuma pande zote mbili, usawa na bati za kiini cha transfoma, kisha isukume kwa chuma butu na nyundo. Kinga koili ya stima kwa kipande cha mbao. Vanishi ikikwaruzika tu, raundi mbili (mizunguko ya waya) hugusana, transfoma hunguruma na kufuka moshi bila mzigo wowote. Zigonge zitoke pia zile tofali mbili ndogo za bati zilizo katikati ya koili. Zikibaki, volti huporomoka mzigo ukipanda.

Usikisie idadi ya raundi. Zungusha 10 za waya wowote wenye plastiki mahali pa koili uliyoitoa, washa kupitia taa ya wati 100 ya uzi iliyounganishwa mfululizo. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Ikififia, toa taa upime volti za AC. Ukisoma 9, kila raundi ni 0.9. Kwa DC ya volti 12 tafuta AC ya 12 hadi 13, yaani raundi 14. Daraja la dayodi, linalogeuza AC kuwa DC, hula karibu volti 2, kapasita ya kulainisha DC (si ile ya oveni) nayo huipandisha tena.

Tumia waya laini wa milimita 10 mraba kwa ampea 25. Pembe za bati ni kali, zifunike kwa karatasi ya kuhami kabla ya kuvuta raundi ya kwanza. Plastiki ikichanika hapo hutaiona. Daraja lifungwe kwenye bamba nene la alumini, bati za transfoma kwenye waya wa athi.

Transfoma hizi hula zaidi ya ampea moja hata bila mzigo, kwa hiyo hupata moto zikikaa tu. Ifungie feni ya oveni yenyewe. Baada ya nusu saa ya mzigo chomoa, gusa bati: mkono usipostahimili, punguza ampea.