Kufunga mkono uliovunjika kwa mabanzi, mpaka ufike hospitali

Waunga mifupa wa magharibi mwa Kenya hutuliza mfupa kwa vijiti, na mbinu hiyo ni ya kale mno: makaburi ya Misri yametoa mabanzi ya zaidi ya miaka 4,000, yamezungushiwa kitani. Banzi halina ubaya. Kinachopoteza mikono ya watu ni kulikaza.

Mtu akianguka na bodaboda akavunjika chini ya kiwiko, kwanza vua pete, saa na bangili kabla vidole havijavimba. Usichue, usipake mafuta moto, usivute mfupa unyooke. Pasua mwanzi upate fito mbili, au kunja ganda kavu la mgomba mara tatu nne, zifike kutoka kiwiko hadi mwanzo wa vidole. Zivishe leso kuukuu, nene zaidi penye kifundo cha mkono. Weka moja juu, moja chini, kisha funga kwa vitambaa vya upana wa vidole vitatu, sehemu nne, ukiruka palipovunjika. Mpira wa tyubu usiuguse kabisa; mkono ukivimba, nao unazidi kubana. Kidole chako kipenye chini ya kila kitambaa. Ning'iniza mkono shingoni kwa leso, ili kiwiko nacho kitulie.

Sasa bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachilie. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Rudia kila dakika 15. Vidole vikiwa baridi au vimekufa ganzi, au akilia ukivinyoosha, legeza vitambaa vyote papo hapo, hata kama uko katikati ya safari. Misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa, na vidole hubaki vimejikunja. Richard von Volkmann, daktari mpasuaji wa Ujerumani, aliueleza ulemavu huo mwaka 1881. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliujua uvimbe vizuri: alianza na bendeji tu, mabanzi akayaongeza siku ya 7 hivi, uvimbe ukishashuka. Kwa sababu ya uvimbe huohuo, hospitali nyingi huanza na plasta ngumu ya upande mmoja, isiyozunguka mkono wote.

Mfupa ukitoboa ngozi, usitie majani, tumbaku wala kinyesi cha ng'ombe. Funika kwa kitambaa safi, na aombe sindano ya pepopunda.

Mtoto aliyeumia kiwiko mfunge kama ulivyomkuta. Ukikikunja unaweza kubana mshipa wa damu. Usimpe uji wala chai njiani, huenda akahitaji nusukaputi.